Mizani ya Pamba na Mizani ya Mtumbwi: Injini, Fundi na Dola katika Ghuba ya Speke

Ukimtajia Mtanzania jina la Simiyu, jambo la kwanza linalomjia ni pamba. Ataona malori yaliyosheheni yakisubiri zamu kwenye vinu vya kuchambulia, au atakumbuka viwanja vya Nane Nane vya Nyakabindi. Ni wachache watakaokumbuka kwamba mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012, una mlango wake wa kuingilia Ziwa Victoria. Kati ya wilaya zake tano, yaani Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ni Busega peke yake inayogusa maji, nayo ilimegwa kutoka Wilaya ya Magu. Bariadi, makao makuu ya mkoa, haina ufukwe. Afisa anayetaka kuuona mwalo hana budi kusafiri kilomita zipatazo 70 hadi Lamadi, ndipo alione ziwa.

Umbali huo si wa barabara tu, ni umbali wa fikra pia. Tumezoea kuutawala mkoa huu kwa macho ya mkulima na mfugaji, na mvuvi tunamkumbuka siku ya kukusanya ushuru au siku ya msiba. Na misiba ipo. Makadirio ambayo Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likiyataja ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa maji kila mwaka katika Ziwa Victoria lote. Hata tukiyapokea makadirio hayo kwa tahadhari, na hata tukiyagawa nusu, bado tunazungumzia msiba ambao ungetokea barabarani kwa mwaka mmoja tu, Bunge lingeitishwa.

Tunapoulizana sababu, jibu la haraka ni upepo. Makala haya yanataka kuuliza swali jingine: chombo chenyewe kilikuwa katika hali gani upepo ulipokikuta? Hoja yangu ni kwamba historia ya kuuboresha mtumbwi wa uvuvi katika ghuba hii ni historia ya kuongeza nguvu bila kuongeza urari. Kila zama ilileta kitu kipya cha kufunga, kushona au kupakia juu ya chombo kilekile, na kila mara kazi ya kutafuta urari aliachiwa fundi asiyetambuliwa na mvuvi asiyesikilizwa. Mkulima wa pamba aliwahi kuudai mzani akaupata. Mvuvi bado hajaupata wa kwake.

Lugha ilijua kabla yetu

Kabla ya kufika ziwani, tuitazame kwanza lugha tunayoitumia kila siku maofisini. Tunaposema mradi umekwenda mrama, wengi wetu hatukumbuki tena kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi. Wahenga wa pwani wakasema, “Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.” Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni ya mbele, na ngama ni pale chini katikati ambapo maji hukusanyika. Methali hiyo hutumika kwa mtu anayehangaika huku na huku kisha akarudi alipoanzia, lakini maana yake ya kwanza ni ya ubaharia: yanayotendeka nyuma na mbele ya chombo hujibiwa chini, katikati. Tunalo pia neno farumi, yaani uzito unaowekwa chini ya chombo ili kitulie. Jamii iliyobuni maneno kama haya ilikuwa na elimu kamili ya urari, ingawa haikuiandika kwa hesabu.

Hesabu zilikuja baadaye na kwingine. Mwaka 1746 Mfaransa Pierre Bouguer alichapisha kitabu kilichoeleza namna ya kupima uthabiti wa chombo kinachoelea. Alionyesha kwamba haitoshi kuujua uzito wa chombo, ni lazima ujue uzito huo umekaa wapi. Fundi wa mitumbwi wa Ukerewe asingeliona jambo hilo kuwa geni.

Mtumbwi wa kushonwa na mgeni mwenye haraka

Katika karne ya 19 vyombo vikubwa vya Ziwa Victoria havikupigwa misumari. Vile vilivyosifika zaidi, vya visiwa vya Ssese na himaya ya Buganda, vilijengwa juu ya mkuku mmoja mrefu uliochongwa kutoka gogo zima, kisha mbao zikashonwa juu yake kwa nyuzi za mimea na mishono ikazibwa kwa maganda. Mtumbwi wa namna hiyo ulikuwa mrefu na mwembamba, umechongoka mbele na nyuma, na ulikwenda kwa makafi. Nguvu yake ilitoka kwa watu, na watu hao hao walikuwa farumi yake. Wapiga makafi waliketi wawili wawili, mmoja kila upande, kuanzia omo hadi tezi, hivyo nguvu na uzito viligawanyika sawa. Chombo kilipoyumba walihisi kwa viuno vyao na kujirekebisha. Injini na urari vilikuwa kitu kimoja.

Februari 1875 Henry Morton Stanley alifika Kageye, kijiji kilichoko leo katika Wilaya ya Magu, kwenye ufukwe wa kusini wa ghuba inayojulikana leo kwa jina la John Hanning Speke. Alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande ili ibebwe mabegani na wapagazi. Alipita mbele ya mlango wa mto Simiyu, ambao ndio uliokuja kuupa mkoa wetu jina, akauhesabu kuwa chanzo cha mbali zaidi cha Nile upande wa kusini. Baada ya kulizunguka ziwa alihitaji kuwavusha watu wake na mizigo, akaazima mitumbwi kwa mtemi Lukonge wa Ukerewe. Mingi ilikuwa mikuukuu, ikapakiwa watu, nafaka na risasi, na baadhi yake ikafumuka na kuzama njiani.

Kisa hiki husimuliwa kama tukio dogo katika safari ya mtu mkubwa. Mimi nakisoma kama tukio la kwanza kuandikwa, katika ghuba yetu, la chombo kutwikwa kazi ambayo hakikujengewa. Mitumbwi ile ilishonwa kwa safari za wenyeji na mizigo ya wenyeji. Aliyeamua ipakiwe nini na ivuke wapi ni mtu mwenye haraka, aliyetoka mbali, na ambaye mawazo yake yalikuwa Nile. Nina hofu kwamba mtu huyo bado yuko nasi, amebadili vazi tu.

Nyavu, misumari, injini

Mwaka 1905 nyavu za makila ziliingizwa katika Ziwa Victoria. Zilivua samaki wengi kuliko mitego na migono ya asili, kiasi kwamba kufikia 1927 serikali za kikoloni zilimtuma mtaalamu Michael Graham kuchunguza kwa nini samaki wanapungua. Uchunguzi wake wa 1927 na 1928 ulizaa mapendekezo kuhusu ukubwa wa matundu ya nyavu. Hapo ndipo ulipoanza utamaduni wa kiutawala tulionao hadi leo: dola likifika ziwani hupima samaki na hupima wavu. Mwaka 1947 ikaundwa idara maalumu ya uvuvi ya Ziwa Victoria pamoja na kituo cha utafiti kule Jinja. Chombo anachopanda binadamu hakikuwa kiini cha mjadala huo.

Wakati huo mtumbwi ulikuwa ukibadilika kimyakimya. Misumari ilichukua nafasi ya nyuzi. Nyavu nyingi zilihitaji nafasi, mtumbwi ukapanuka. Kisha, katika miaka ya 1950, ikaja injini ya kupachika nyuma. Marekani ilikuwa imeanza kuiuza kwa wingi tangu Ole Evinrude aanzishe biashara yake mwaka 1909, na ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya mashua yenye ubao mpana wa nyuma.

Hapo ndipo mafundi wa ziwa walipokutana na fumbo. Mtumbwi wao ulichongoka pande zote mbili. Injini ipachikwe wapi? Wengine waliifunga ubavuni kwa mhimili wa mbao, chombo kikawa kinavutwa upande mmoja. Wengine waliukata mkia wa mtumbwi na kuweka ubao wa kusimama mahali pake. Leo, katika sensa za uvuvi za ziwa zinazofanywa tangu mwaka 2000, mitumbwi ya Ssese huhesabiwa kwa makundi mawili: iliyochongoka pande mbili, na ile yenye upande mmoja bapa. Safu hizo mbili katika jedwali la serikali ni kumbukumbu ya uvumbuzi mkubwa wa kienyeji. Mafundi wasio na jina katika kitabu chochote waliuunda upya mtumbwi ili uipokee mashine, kwa kuwa tako jembamba halina maji ya kutosha chini yake kuubeba mzigo ule, na tako pana linayo.

Hesabu ya mwalo

Nitamwomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu hii maneno yangu yatabaki kuwa manung'uniko.

Chukua mtumbwi wa mita 8. Katikati yake ni mita 4 kutoka kila ncha. Injini ya nguvu farasi 15, zile zilizozoeleka kwenye mialo yetu, ina uzito wa karibu kilo 40, nayo inaning'inia mita 4 nyuma ya katikati. Mwendeshaji wa kilo 70 anakaa mita 3 nyuma. Zidisha uzito kwa umbali: 160 kwa injini, 210 kwa mwendeshaji, jumla 370. Ili mtumbwi usikae kitako, upande wa mbele lazima upate karibu kiasi hicho hicho. Nyavu za kilo 100 zikiwekwa mita 2 mbele ya katikati zinatoa 200. Mvuvi wa pili mwenye kilo 70, akikaa mita 2.5 mbele, anatoa 175. Jumla ni 375. Mtumbwi umetulia.

Sasa tajiri, kama anavyoitwa mwenye chombo kwenye mialo, anaamua kuboresha. Anaondoa ile ya 15 na kuweka ya 40, ambayo uzito wake unazidi kilo 70. Tuseme 75. Upande wa nyuma umeongezeka kutoka 370 hadi 510. Ili kufidia tofauti hiyo ya 140, yule mvuvi wa mbele angelazimika kusogea mita 2 zaidi, yaani akae mita 4.5 kutoka katikati. Lakini mtumbwi unaishia mita 4. Angekaa hewani.

Kwa hiyo watu hufanya kinachowezekana: huweka mawe mbele. Kilo 40 za mawe, mita 3.5 mbele, zinarudisha usawa. Hata hivyo chombo sasa kimebeba kilo 35 zaidi za injini na kilo 40 za mawe. Ni sawa na kumpakia mtu mzima mmoja asiyevua wala asiyeweza kuruka wala kumwaga maji. Ubavu unaobaki juu ya maji umepungua, na samaki hawajaanza kupakiwa.

Na faida yenyewe ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mwingereza William Froude, aliyefanya majaribio yake kwa mifano midogo ya meli katika miaka ya 1860 na 1870, alionyesha kwamba chombo kinachopasua maji kina kikomo cha mwendo kinachotegemea urefu wake. Kwa chombo chenye mita 7.5 zinazogusa maji, kikomo hicho ni karibu kilomita 12 kwa saa. Ukifika hapo, kuongeza nguvu hakuongezi mwendo kwa kiasi cha haja. Kunainua omo, kunazamisha tezi, na kunakunywesha petroli. Ni chombo chepesi, chenye kitako bapa kilichojengwa kwa makusudi ya kuteleza juu ya maji, ndicho kinachofaidi injini kubwa. Kuboresha injini bila kubadili umbo la chombo ni kumnunulia punda hatamu za farasi wa mashindano.

Kisha kuna maji ya ngamani. Tandaza maji ya kina cha sentimita 5 katika eneo la mita 4 kwa mita 1: ni lita 200, yaani kilo 200. Uzito huo hautulii kama mawe. Chombo kikiinama kushoto, maji yote yanakimbilia kushoto na kuongeza mwinamo. Ndiyo maana mvuvi mzoefu huogopa maji yaliyomo ndani kuliko wimbi lililo nje.

Nisieleweke vibaya. Injini si adui. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana katikati na kuinua mawingu ya radi, na dhoruba hizo huwakuta wavuvi wakiwa kazini, usiku wa manane au alfajiri. Mwenye injini anaweza kuikimbia dhoruba, mwenye kafi hawezi. Injini pia imewawezesha wavuvi kufika mbali na kurudi na samaki wabichi. Ninachosema ni kwamba injini ni nusu ya maboresho. Nusu ya pili ni ubao wa nyuma ulioimarishwa kwa mbao za pembe zilizofungwa kwenye mkuku na mataruma, tangi la mafuta lililosogezwa mbele, urefu wa mguu wa injini unaolingana na kimo cha ubao, na ule mwinamo wa injini unaorekebishwa kwa pini moja tu: omo likiinuka mno, mguu wa injini unasogezwa karibu na ubao, likichimba maji, unasogezwa mbali. Nusu hiyo ya pili haina gharama kubwa. Inahitaji maarifa, na maarifa hayauzwi pamoja na boksi la injini.

Mkulima alivyoupata mzani

Msomaji wa Bariadi anaweza kusema hayo ni mambo ya wavuvi, wataelewana wenyewe. Naomba tukumbuke historia yetu wenyewe ya pamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walikuwa na manung'uniko yanayofanana kabisa. Mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, na mzani ulikuwa wa mnunuzi. Alipunjwa na hakuwa na namna ya kuthibitisha. Wakulima walianza kwa jambo dogo: kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia pamba. Kutokana na jambo hilo dogo, chini ya uongozi wa vijana kama Paul Bomani, kilikua chama cha wakulima, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika.

Tunaposimulia historia hiyo tunazungumzia siasa, uhuru na TANU. Tunasahau kwamba chimbuko lake lilikuwa kifaa cha kupimia. Wakulima waliligeuza suala la uzito, lililoonekana kuwa la kiufundi na la mtu binafsi, kuwa suala la umma. Walikataa kwamba kupunjwa ni bahati mbaya ya mkulima mmoja mmoja. Kule Nassa, ambako kinu cha kuchambulia pamba kimesimama jirani na ziwa, historia hizi mbili zinatazamana: upande mmoja uzito umepimwa kwa miaka mingi mbele ya mashahidi, upande wa pili uzito unakadiriwa kwa macho usiku, na kosa hulipiwa kwa uhai.

Nguvu nyingi, vipimo vichache

Katika miaka ya 1980 sangara, aliyepandikizwa ziwani miongo mitatu hivi kabla, aliongezeka kwa kasi ya ajabu. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na kwingineko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na minofu ikasafirishwa Ulaya. Bei ilimvuta mvuvi mbali zaidi na ufukwe. Kati ya mwaka 2000 na mwisho wa muongo ule, sensa za uvuvi zilionyesha idadi ya injini katika ziwa lote ikiongezeka zaidi ya mara mbili. Mbao ngumu kama mvule ziliadimika, mbao nyepesi zikachukua nafasi. Hivyo basi injini iliongezeka uzito wakati ule ule ambapo ubao wa kuibeba ulikuwa ukidhoofika.

Dola halikulala. Tulitunga Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009. Mwaka 2018 tuliendesha Operesheni Sangara, rula zikapima samaki na nyavu zikachomwa moto. Siingii leo katika ubishi wa operesheni ile. Nataka tu kukumbusha kilichotokea mwaka huo huo, tarehe 20 Septemba. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka mita chache kutoka gati la Ukara kikiwa kimejaza watu waliotoka mnadani, na zaidi ya watu 220 walikufa. Kivuko kile kilikuwa kimefungiwa injini mpya miezi michache tu kabla. Kulikuwa na malalamiko kuhusu injini, na serikali ilijibu malalamiko kwa injini. Lakini injini mpya haiwezi kujibu swali la watu wangapi wamepanda na wamesimama upande gani.

Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakapotea. Ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Na karne nne zilizopita, tarehe 10 Agosti 1628, meli ya kivita Vasa ya mfalme wa Sweden ilizama bandarini Stockholm baada ya kwenda mita zipatazo 1,300 tu tangu ing'oe nanga. Ilikuwa imebebeshwa sitaha mbili za mizinga mizito. Kabla ya safari, watu 30 waliamriwa kukimbia kutoka ubavu hadi ubavu ili kuijaribu, ikayumba vibaya hadi jaribio likasimamishwa. Meli haikusimamishwa, kwa sababu mfalme alikuwa na haraka. Kipimo kilifanyika na jibu lilipatikana. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana.

Kisa cha Vasa ndicho kinachonirudisha Busega. Miaka michache iliyopita nilisimama kwenye mwalo mmoja wa wilaya hiyo nikimtazama fundi mzee akizungumza na tajiri aliyekuwa na injini mpya ya 40. Nilimwamkia, akaniitikia na kunikaribisha kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa. Tajiri alitaka injini ifungwe siku hiyo hiyo. Mzee akakataa mpaka mtumbwi urefushwe na ubao wa nyuma ubadilishwe.

“Mwalimu,” akaniambia, “mashine hii haitausukuma mtumbwi, itaukalia.”

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkopo wa kulipa, na leseni zake zote zilikuwa sawa. Akaenda kwa fundi mwingine. Siku mbili baadaye niliuona mtumbwi ule ukiondoka, mawe yamepangwa omo. Wavu wake ulikuwa umepimwa na chombo kilikuwa kimeandikishwa. Jambo pekee ambalo hakuna mwenye mamlaka aliyelipima ndilo alilolipima mzee yule kwa jicho, na neno lake halikuwa na nguvu ya kisheria.

Mzani wa mtumbwi

Mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ilianza kugawa kule Mwanza boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Ni hatua njema, na naiunga mkono. Lakini boti ya kiwandani itawafikia wachache kwa muda mrefu ujao, na walio wengi wataendelea kuvua kwa mitumbwi ya mbao inayotengenezwa kwenye mialo. Kwao, sera ya maana ni ile inayomgusa fundi.

Mwaka 1876, baada ya kampeni ndefu ya mbunge Samuel Plimsoll, Uingereza ilipitisha sheria iliyotaka meli ichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia. Wenye meli walipinga na wakasema ni kuingilia biashara. Leo mstari ule upo kwenye meli za mizigo duniani kote. Kila mtumbwi wenye injini unaweza kuchorwa mstari wa namna hiyo, na kubandikwa kibao kinachotaja nguvu ya juu ya injini na idadi ya watu. Rangi na kibao havihitaji mfadhili.

Kipimo nacho kinaweza kufanyika ufukweni, kwenye maji ya kiunoni: injini imefungwa, watu wamekaa mahali pao, tezi na omo zinatazamwa kama zimelingana, kisha wavuvi wanaegemea ubavu mmoja na ubavu unaobaki juu ya maji unapimwa kwa rula ile ile tunayopimia samaki. Vikundi vya BMU vinaweza kushuhudia, kama wapimaji wa pamba walivyoshuhudia. Shirika la TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na lenye dhamana ya usalama wa vyombo, likae meza moja na maafisa uvuvi wa halmashauri, maana sasa mmoja anamtazama samaki na mwingine anaitazama meli, na mtumbwi unapita katikati yao. Chuo cha uvuvi cha Nyegezi kiko jirani. Mafundi wa mialo waitwe huko kujifunza na kufundisha, wapewe vyeti, na neno la fundi “usifunge” lipate nguvu ya kisheria. Mwisho, mikopo ya injini iambatane na fedha za kurekebisha mwili wa chombo. Anayekopesha nguvu bila urari hukopesha hatari, na riba yake hulipwa na mjane.

Kwa wanafunzi wangu nasema: msidharau historia ya vitu vidogo. Mhimili wa mbao uliofungwa ubavuni na ubao bapa uliochukua nafasi ya mkia uliochongoka ni maandishi ya watu ambao hatukuwafundisha kuandika. Kwa wanaharakati: haki haidaiwi katika katiba pekee, hudaiwa hata kwenye kipimo, na wakulima wa ukanda huu walilijua hilo kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Na kwa watumishi wa umma walioko Bariadi: kilomita zile 70 zina lami. Nendeni hadi Lamadi alfajiri moja, mitumbwi inaporudi. Msihesabu samaki siku hiyo. Tazameni tu namna kila mtumbwi ulivyokaa majini.